Bei Ambayo Shangazi Hakuambiwa

Shangazi yangu alikojoa damu kwa miezi mitano, na kila wiki ya miezi hiyo alilipa. Huwa naanza hapo ninapolisimulia jambo hili, kwa sababu watu hupenda kusema alichelewa. Hakuchelewa. Alikwenda kwa daktari siku ya tatu tangu aone damu, amevaa kanga safi, shilingi zake amezifunga kwenye pindo. Waliochelewa ni wengine, na mimi nimo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni upande wa Kagondo, nina miaka ishirini na miwili. Nilikaa kwake Hamugembe, mjini Bukoba, katika nyumba ya bati yenye vyumba vitatu na migomba nyuma. Mimi nilikuwa Mlutheri, binti wa mzee wa kanisa kutoka Muleba, naye alikuwa Mwislamu. Jumapili alinipigia pasi gauni la kwenda kanisani, na Ramadhani mimi nilimkorogea uji wa kufuturu. Kati yetu sisi wawili hapakuwa na shida yoyote.

Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Usichanani mwake aliozwa kwa mtu aliyempiga. Akakimbilia nyumbani, akarudishwa. Akakimbia tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu hakwenda nyumbani; alipanda meli kwenda Kampala, na akakaa huko miaka kumi na miwili. Huku nyuma walisema juu yake yote wanayosema watu juu ya mwanamke aliyekwenda Kampala peke yake. Mimi sikuwahi kumwuliza aliishije. Nilijua alichorudi nacho: cherehani, bangili nne za dhahabu, na fedha taslimu ambazo alinunulia kibanja Muleba, nusu saa kwa miguu kutoka kwa baba. Kilikuwa na migomba na mibuni iliyochanganyika, kama vibanja vyetu vyote, ila chake kilipaliliwa kuliko vya wanaume waliomzunguka. Alikinunua mbele ya mashahidi na karatasi akaandikiwa. Baadaye akaolewa na fundi cherehani wa Hamugembe, mtu mwenye asili ya Pwani, akasilimu. Alipofiwa na mume alibaki mjini akishona sare za shule, na msimu wa kahawa alikwenda Muleba kusimamia mavuno yake.

Hakujaliwa mtoto. Ada yangu ya shule, tangu nilipoanza kushika kalamu hadi chuo cha ualimu, aliilipa yeye. Baba alipokea ada hiyo, akapokea sukari na mablanketi, lakini mjini alipokuja alilala kwa watu wengine.

Damu ilianza katika mwezi wa Ramadhani. Alinieleza asubuhi nilipokuwa nafunga kamba za viatu.

"Nadhani ni kiu," alisema. "Mwili umekauka kwa kufunga."

"Ni nyingi?"

"Kama maji yaliyooshewa nyama."

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa ikazidi. Tukaenda kwa daktari. Hospitali ya serikali ilikuwa na foleni ya kutwa nzima, na Shangazi alitaka kuonwa vizuri, kwa hiyo tulikwenda kwa daktari wa kulipwa, mgeni aliyekuwa na zahanati yake katika mtaa wa maduka. Alimgandamiza ubavuni, akachukua mkojo katika kichupa, akakiinua kuelekea dirishani akakitazama kwa muda mrefu. Nakumbuka muda ule. Kisha akaweka kichupa chini, akatoa chupa kubwa ya dawa ya rangi ya chai, akasema kwa Kiswahili chake cha mkato, "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Rudi wiki ijayo."

Tulilipa shilingi kumi kwa karani aliyekaa mlangoni. Shangazi alitoka amefurahi. Mtu ukishapewa chupa unajiona umetibiwa.

Sikwenda naye tena. Nilikuwa na darasa la watoto hamsini na mkuu wa shule asiyetoa ruhusa. Yeye alikwenda mwenyewe, wiki baada ya wiki, na kila wiki alirudi na chupa nyingine. Damu ilikatika siku kadhaa, ikarudi, ikakatika. Nilimwuliza, "Daktari amesemaje?" naye akajibu, "Amesema nirudi." Nami nikaridhika na jibu hilo. Nilijua Kiingereza, ningeweza kwenda Jumamosi moja, moja tu, nikamwuliza yule mtu swali. Sikwenda.

Mwezi wa tano wa chupa hizo nilirudi kutoka shule nikamkuta ameacha sare katikati ya mshono, ameshika ubavu wa kushoto. Alinichukua mkono akauweka pale. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa ngumi yangu.

Siku iliyofuata sikuomba ruhusa. Nilimtuma mwalimu mwenzangu aseme naumwa, nikaenda na Shangazi kwa daktari. Nilizungumza naye kwa Kiingereza, nikaona ameshtuka kidogo, kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Alimpima, akanawa mikono, akaniambia kuna uvimbe katika figo. Akasema jina lake: kansa.

"Umegundua leo?" nikamwuliza.

"Nilishuku tangu mwanzo. Damu isiyokuwa na maumivu, kwa mtu wa umri wake. Mwezi wa kwanza nilikuwa karibu na hakika."

"Na hukumwambia."

"Mwalimu, sikiliza. Dawa ya ugonjwa huu ni moja tu, kupasuliwa na kuitoa figo yenyewe. Hapa Bukoba hakuna wa kuifanya kazi hiyo. Iko Kampala, kwa daktari bingwa wa kulipwa, na ni ghali mno. Ningemwambia nini? Ningemtia huzuni bure."

"Ulimwuliza kama ana fedha?"

Alitazama miguu ya Shangazi. Shangazi alikuwa peku. Viatu alikuwa navyo, jozi tatu, lakini mtaani alipenda kutembea peku, na yule mtu alikuwa ameitazama miguu ile miezi mitano, akaipigia hesabu, akaamua mwenyewe kwamba mwenye miguu hiyo hawezi kulipia uhai wake.

"Na chupa?" nikasema. "Chupa ishirini na zaidi, zilikuwa za nini?"

"Za kupunguza maumivu."

"Hakuwa na maumivu. Umesema hivyo sasa hivi."

Alianza kupanga karatasi zake mezani. Nilimwuliza bei ya kupasuliwa. Akasema inategemea. Nikamwuliza inategemea nini. Akasema mambo mengi. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya meza yake, nikamwambia kwamba sitaondoka mpaka aandike namba. Nje wagonjwa walikuwa wanakohoa na karani alifungua mlango mara mbili. Mwishowe aliandika kwenye kipande cha karatasi: shilingi mia nane. Chini yake akaandika anwani ya bingwa wa Kampala.

"Anasema nini?" Shangazi aliuliza. Alikuwa amekaa muda wote ule, mikono mapajani.

Nilimweleza kwa Kihaya, yote, bila kupunguza.

"Miezi mitano alikuwa anajua?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akasimama, akamgeukia daktari, akasema kwa Kiswahili ili asikie mwenyewe: "Daktari, hata muuza dagaa sokoni hunitajia bei. Nikishindwa, nashindwa mwenyewe. Hanitazami miguu kwanza."

Mlangoni karani alitudai shilingi kumi za siku hiyo. Nilifungua mdomo. Shangazi alinishika mkono, akafungua pindo lake akalipa. "Tunalipa," aliniambia. "Usimpe la kusema."

Tulikwenda pia hospitali ya serikali. Huko walitueleza ukweli siku ileile: kazi hiyo hawaifanyi, wanaweza kuandika barua ya kuomba nafasi ng'ambo ya mpaka, ila zamu itafika itakapofika. Mganga aliyeuona uvimbe alisema kama tuna njia nyingine tusisubiri. Kwa hiyo niliandika barua Kampala kwa bingwa yule, nikauliza kwa Kiingereza changu bora kabisa jambo moja: gharama yote ni kiasi gani, tangu kuingia mpaka kutoka?

Jibu lilikuja na meli baada ya wiki tatu, kurasa mbili zilizopigwa taipu. Kila neno nililifahamu, lakini barua yenyewe ilinichukua jioni tatu kuielewa. Zile mia nane zilikuwa za mkono wa bingwa peke yake. Chumba cha upasuaji kilikuwa na bei yake. Mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi alikuwa na yake. Kulikuwa na picha za figo, ambazo mgonjwa huchomwa kwanza sindano ya dawa ya kuzionyesha. Na picha ya kifua. Na damu ya kuongezewa. Na kitanda, kinachohesabiwa kwa siku, siku zisizopungua ishirini na moja. Na dawa, na bandeji, na chakula. Mwisho wa ukurasa wa pili, katika sentensi ndogo, ilisemwa kwamba nusu ya yote italipwa kabla mgonjwa hajapewa kitanda, na kwamba bei zaweza kupanda kwa kadiri ya hali itakavyoonekana.

Nilijumlisha, nikaongeza nauli ya meli ya watu wawili na mahali pa kulala mimi. Elfu mbili na mia moja. Mshahara wangu wa mwezi ulikuwa shilingi mia moja na kumi. Nilikasirika hata nikacheka. Ile mia nane aliyoniandikia daktari wetu, baada ya kubanwa kama mwizi, ilikuwa kama mtu kukutajia bei ya mlango ukadhani ni ya nyumba.

Nilimsomea Shangazi uani, ameketi kwenye mkeka akichambua maharagwe. Nilimsomea kila kitu, hata sentensi ile ndogo ya mwisho. Aliniacha nimalize.

"Elfu mbili na mia moja," akarudia.

"Ndiyo."

"Kibanja changu kinazidi hizo."

"Shangazi..."

"Shangazi nini? Nilikinunua nikiwa na figo mbili. Nitakiuza nibaki na moja. Watu wanaishi na moja?"

"Barua inasema wanaishi."

"Basi. Jumamosi twende Muleba."

Hakulia. Aliendelea na maharagwe yake. Miaka ile kahawa ilikuwa na bei, na alimjua mtu wa kununua, mfanyabiashara jirani ambaye alikuwa amekitamani kibanja kile kwa muda mrefu. Tulikwenda kwa lori la mizigo, tumekaa mbele kwa dereva kwa sababu ya ubavu wake. Kila shimo la barabara alifumba macho. Mfanyabiashara alikubali bei palepale, shilingi elfu tatu, na akasema atazileta baada ya siku saba.

Siku ya tano tukaitwa na ukoo.

Walikuwa wamekaa nyumbani kwa baba, kwenye nyasi mpya zilizotandikwa, wanaume saba, kahawa ya kutafuna imewekwa katikati. Aliyesema alikuwa baba mdogo, ndugu yao wa mwisho, mtu ambaye Shangazi alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Dada, tumesikia unauza ardhi ya ukoo."

"Ukoo upi?" Shangazi akasema. "Ile ardhi niliinunua. Mmoja wenu alitoa hata senti?"

"Wewe huna mtoto. Siku Mungu akikuita, ardhi ile inarudi kwetu. Kwa hiyo ni yetu."

"Basi ngojeni aniite."

Mzee mmoja alicheka, akakatazwa kwa macho. Baba mdogo akanigeukia mimi. "Wewe msomi. Akipasuliwa huko Kampala, atapona?"

Nilikuwa nimefundishwa kusema kweli. Laiti siku ile ningalidanganya. "Daktari ameandika kwamba wengi hupata nafuu, kama ugonjwa haujasambaa."

"Kwa hiyo huna hakika."

"Hakuna mwenye hakika, Baba mdogo."

"Mnaona? Tuuze ardhi kwa jambo lisilo na hakika. Tukizike kibanja tumboni mwa mtu, na mtu mwenyewe tumzike juu yake."

"Tuuze?" Shangazi akasema. "Wewe unauza nini?"

Nilimtazama baba. Alikuwa anatafuna kahawa polepole, macho chini. Nilisema, kwa sauti ambayo binti hasemi nayo mbele ya wazee, "Baba, huyu ndiye aliyenisomesha. Sema neno."

Baba akatema ganda la kahawa mkononi. "Mambo ya ardhi ni ya ukoo," alisema.

Ilichukua miaka mingi kabla sijaweza kula naye nikiwa na amani, na hata sasa, na yeye ameshatangulia, sentensi ile sijaisahau.

Waliweka pingamizi kwenye baraza la gombolola, kwa mtawala wa eneo letu. Mfanyabiashara aliposikia akarudisha fedha zake mfukoni. Hakutaka kununua kesi. Watu wengi wa kwetu walijua, na baba mdogo alijua vizuri zaidi, kwamba ardhi ya kununua kwa fedha yako haikuwa na mjadala na kwamba kesi ile wangeshindwa. Hawakuhitaji kushinda. Walihitaji iende polepole. Siku ya kwanza shahidi wao mmoja alikuwa safarini. Siku ya pili karani hakuwa amenakili maelezo. Siku ya tatu mvua ilinyesha na wazee wakasema njia hazipitiki, ingawa sisi tulikuwa tumepita kutoka Bukoba na mgonjwa. Kila safari ilikuwa nauli, na kila safari ule uvimbe ulikuwa umekua. Nilikuwa naugusa jioni, yeye akiniuliza, "Umeongezeka?" na mimi nikijibu, "Uko vilevile." Nilikuwa nimejifunza kudanganya, mahali ambapo hakukuwa na faida tena.

Mwezi wa pili wa kesi Shangazi akasema hasubiri. Aliuza bangili. Akauza cherehani. Kahawa iliyokuwa bado kijani mtini aliiuza kwa butura, yaani mnunuzi anakupa fedha leo na mavuno yote yanakuwa yake, kwa bei ambayo msimu ukifika inakufanya utake kulia. Tajiri aliyeinunua alijua kwa nini anauza, mji wote ulijua, na kwa sababu hiyo alitoa theluthi ya thamani. Lakini nusu ya kuanzia ilitimia, na nauli ikapatikana. Akina mama majirani wa Hamugembe walipika maandazi ya safari, wakatusindikiza mpaka gatini.

Bingwa wa Kampala alikuwa mtu mzima, mpole. Sikuweza hata kumchukia. Walimlaza Shangazi kwenye kitanda chenye shuka nyeupe, wakampiga zile picha za figo, wakampiga na ya kifua. Siku ya tatu bingwa aliniita kwenye ujia. Nilimwambia, "Kama ni jambo lake, mwambie yeye. Mimi nitatafsiri."

Akakubali. Akavuta kiti karibu na kitanda akaeleza, na mimi nikaweka maneno yake katika Kihaya moja baada ya moja: kwamba ugonjwa umeshapanda mapafuni, kwamba kuitoa figo sasa hakutaondoa kitu, kutamwumiza tu na kumlia fedha.

Shangazi alisikiliza akiwa ameegemea mto. "Mwulize: ningekuja nilipoona damu mara ya kwanza?"

Nilimwuliza. Alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. "Labda ningeitoa mwezi uleule, na labda angekuwa mzima leo. Siwezi kuapa."

"Sikumwomba aape. Mwulize tena: na siku ile ukoo ulipotuita?"

Nikamtajia tarehe. "Hata siku hiyo, labda."

"Haya," Shangazi akasema. "Nilitaka kujua tu nigawe hasira yangu vipi."

Kisha tukaletewa hesabu. Picha, sindano ya picha, kitanda siku tatu, kuonwa na bingwa: shilingi mia tatu na arobaini. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kuambiwa kwamba hakuna la kufanya. Zilizobaki za amana yetu zilikuwa zetu, lakini mhasibu hakuwepo, na karani akatutaka tungoje mpaka Jumatatu. Wakati huohuo kitanda kilitakiwa kwa mgonjwa mwingine. Nilimfokea karani yule mbele ya watu, kwa Kiingereza, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, mpaka bingwa mwenyewe akatoka ofisini, akafungua kasha akatuhesabia. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi na kifurushi chake, anatetemeka kwa baridi.

Tulirudi Bukoba. Wiki mbili baadaye baraza la gombolola likatoa hukumu: kibanja ni chake, auze apendavyo. Tuliletewa karatasi yenye mhuri. Nilitaka kuichana. Aliniambia, "Usiichane. Kaniitie yule mfanyabiashara."

"Utauza ya nini sasa?"

"Kwani nimeshakufa?"

Aliuza kwa zile elfu tatu. Na fedha zile alizitumia, nyie. Alinunua godoro nene la sufi. Alikula nyama kila siku aliyoweza kula, na asipoweza alinywa mchuzi. Maziwa yaliletwa asubuhi kutoka Kibeta. Alimlipa mwuguzi mmoja mstaafu aje kumwogesha na kumgeuza, ili mimi nisiache kazi. Wadogo zangu wawili wa kike aliwalipia ada mpaka darasa la mwisho, fedha yote mara moja, na risiti akataka iandikwe jina lake.

Maumivu yalipoanza kuwa makali nilikwenda kwa daktari wetu wa mtaa wa maduka, kwa sababu dawa kali ya sindano alikuwa nayo yeye. Niliingia bila kungoja zamu. Nilimwambia, "Andika bei ya dawa, ya sindano, ya kumtuma mtu, ya kila kitu, kwa mwezi." Aliandika haraka. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa Shangazi atatoa dawa bure.

Nilimpelekea Shangazi ujumbe huo. Alikuwa amelala ubavu, mashavu yameingia ndani.

"Bure?" alisema. "Mwambie hapana. Nitalipa. Nisimwachie kitu cha kumfariji."

Akalipa, kila sindano, miezi mitatu. Alifariki siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mwuguzi akiwa anamsuka nywele. Alizikwa siku hiyohiyo alasiri kwa taratibu za Kiislamu, na majirani wa Hamugembe walilibeba jeneza kwa kupokezana, wanaume ambao hawakuwa na undugu naye wowote.

Baba mdogo alifika siku ya tatu, pamoja na wawili wengine wa ukoo. Walikula pilau ya msiba. Walipomaliza kunawa akaniita pembeni.

"Fedha za kibanja," alisema. "Zimebaki ngapi?"

"Hazikubaki."

"Haiwezekani. Elfu tatu, kwa miezi michache? Zimekwenda wapi?"

"Alikula nyama, Baba mdogo. Alikunywa maziwa. Alilalia godoro."

Aliniambia sina adabu. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba adabu niliyokuwa nayo niliiacha kwenye nyasi za nyumbani kwa baba siku ile ya kikao. Wanawake waliokuwa wanaosha masufuria waliacha kuosha. Akavaa kofia yake akaondoka, na mpaka leo watoto wake husema mimi ndiye niliyekula urithi wao.

Nilirudi shuleni Jumatatu. Baada ya muda habari ya yale niliyoyafanya kwa daktari ilikuwa imeenea, kama habari zinavyoenea katika mji mdogo, na mzazi mmoja wa Kibeta, mama wa mwanafunzi wangu, alinifuata mapumzikoni. Alikuwa na uvimbe shingoni. Alisema amesikia mimi najua kumfanya daktari aseme bei. Nilikwenda naye Jumamosi. Sikuhitaji hata kukaa. Daktari aliponiona tu alichukua karatasi akaandika kila kitu, kuonwa, dawa na kurudi mara mbili, akajumlisha chini: shilingi thelathini na tano.

Yule mama aliitazama karatasi, akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Alikuwa na shilingi kumi na nne. Mimi nilikuwa na sita, ilikuwa tarehe za mwisho wa mwezi. Tulimwambia daktari tutarudi, tukatoka nje tukasimama juani, tukaanza kufikiri tumwendee nani.